Jeli ya Tangi la Rangi

Chumba cha mbele, nyumbani kwa wazazi
Jumapili asubuhi

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na mtoto hamjambo, na kifua chako hakikusumbui na baridi ya huko. Mimi ni mzima, cherehani inanipa riziki. Baba ni mzima wa mwili. Mama anakula na kulala vizuri, ila amekatwa mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Unakumbuka ulipokuja kuweka jeli yako kwenye matangi ya kiwanda cha nguo, pale anapofanya kazi baba. Jioni ile ulitueleza kwamba mmeitengeneza maabarani kwenu kwa sukari itokanayo na wanga, kwamba ndani yake mna vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho, na sumu ya rangi ikiingia humo inanasa, maji yakatoka safi. Ukasema huko kwenu mnaijaza dawa na kuibandika kidondani, nayo huiachia dawa polepole. Mama akavua kandambili akakuonyesha kidonda chake cha kisukari, pale wayoni.

"Nitakutumia, mama," ulisema. "Ni jeli ile ile."

Baba alikuwa amekaa pale mlangoni. Alisikia.

Tukangoja. Kila nilipokupigia ulikuwa kikaoni. Kidonda kikaanza kunuka, mama akawa hataki wageni. Basi baba, ambaye kazi yake ni kusafisha yale matangi, akachota jeli humo akaja nayo kwenye kopo. Aliiosha bombani mpaka maji yakawa meupe kabisa, akambandika mama kwa mikono yake mwenyewe. Mama akasema inampoza. Niliwasikia wakicheka chumbani mwao kama maharusi.

Mguu ukavimba, ukaiva, ukawa mweusi. Hospitalini daktari alifungua bandeji akauliza ni kitu gani hiki. Baba akajibu, tena kwa fahari, "Ni dawa ya mwanangu."

Daktari hakumfokea. Alimwambia tu kwamba jeli haijui dawa wala sumu: ikishiba sumu itaachia sumu, polepole vilevile, na uchafu wa tangini ulimalizia kazi. Kisha akamwambia mguu hauponi.

Kifurushi chako kilifika wiki aliyotoka mama hospitalini. Alikifungua yeye mwenyewe, akasoma ulipoandika apake wayoni. Akanigeukia: "Muulize kaka yako, wayo upi?"

Jeli yako inafanya kazi, nisikunyime haki yako. Pale palipokatwa panafunga vizuri, hata daktari amesifu. Ila mama hataki nimfunge bandeji mimi. Anamtaka baba, na kila asubuhi, kabla hajamgusa, humuuliza, "Daktari, leo umeleta ya tangini au ya mwanao?"

Baba hujibu, "Ya mwanetu, mke wangu."

Akijibu kwa sauti ndogo, mama humtaka arudie. Nilimwomba aache. Akaniambia nikishakatwa wangu ndipo nitakuwa na la kusema. Sasa jina limetoka nje ya nyumba. Watoto wa jirani humwamkia baba "Shikamoo, Daktari," naye anaitikia marahaba.

Mjomba fundi viatu anakusalimu, anasema kwa mama kazi yake imepungua nusu. Shangazi nilimwambia nakuandikia, akaendelea kuchambua mchele. Mama anakusalimu sana. Kwa kila anayekuja kumpa pole anakusifu wewe, mbele ya baba.

Baba naye ana salamu, na ana swali. Ameniomba nikuulize kama ingefaa endapo angeiosha kwa maji ya moto. Nilishamuuliza daktari wa hospitalini, akasema hata maji ya moto yasingeitoa sumu ile yote. Sijamwambia baba. Mjibu wewe, kwa mwandiko wako, maana kila nikitoka mjini ananipokea mkoba mlangoni na kuuliza kama kuna barua.

Mungu akulinde huko uliko na akupe usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata sasa.