Mchanga Niliouficha Ndani ya Pamba

Mwangaluka, mdogo wangu Masunga,

Najua huko uliko salamu hazina kazi, ila mimi bado ni mkubwa wako. Itikia.

Nakukumbuka na kidato chako cha pili. Mimi darasa la nne nililitoroka, wewe ukarudi nyumbani na kani na momenta kama mtu aliyeoa mbali.

"Kaka, momenta ni uzito wa kitu mara kasi yake. Mzigo ukishika mbio huwezi kuuzima ghafla, labda uwe na nguvu za tembo. Uzuie kidogo kidogo, tangu juu."

"Hata ng'ombe anajua hilo."

"Anajua, ila hawezi kukokotoa."

Ukakokotoa kweli. Mkokoteni wa pamba ukishuka korongoni, ulifunga gogo nyuma liburuzike, na gogo ulilichagua kwa idadi ya magunia. Kijiji kizima cha Lingeka walikuja kukuuliza.

Ndipo wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakigombea pamba kama fisi. Karani wa ushirika alikuwa akizamisha mkono guniani mpaka kwapani kukagua. Hawa hawakuzamisha hata kidole. Nikaona ni dhambi kuuacha ujinga wao upotee bure. Ulipokwenda kunywesha ng'ombe, nikatia maji na mchanga katikati ya kila gunia.

Uliporudi ukanyanyua la kwanza, ukaguna. "Mbona zito hivi?"

"Umelegea. Mwambie mkeo aongeze ugali."

Ukacheka, ukafunga gogo lile lile la siku zote.

Kwenye mteremko nililiona linarukaruka kama mbuzi. Mzigo ulikuwa unawasukuma ng'ombe badala ya wao kuuvuta. Ningepiga kelele uruke pembeni, lakini ungeniuliza kwa nini. Ukang'ang'ania nira, ukateleza, gurudumu likapita juu ya goti lako.

Nilipokuinua ulisema, "Nimekosea hesabu, kaka."

Nami nikakujibu, "Hata walimu hukosea."

Ukatembea na fimbo maisha yako yote, na hukumfungia mtu gogo tena. Wakija kukuuliza, unawaambia, "Mimi hesabu zangu ni mbovu, kamwoneni kaka." Kaka! Mimi nisiyejua momenta inakula majani au nyama. Niliwachagulia magogo kwa kukumbuka yale yako, na hakuna mkokoteni hata mmoja uliotoroka. Wakanisifu. Nikazipokea sifa, nikanywa na pombe juu yake.

Mwezi uliopita tulikuzika. Nilitaka kusema pale kaburini, nikajifanya nakohoa.

Sasa binti yako wa mwisho amegoma kusoma fizikia. Anasema hesabu haziko kwenye damu yenu. Eti, "Baba alijaribu, zikamvunja mguu." Jumapili nakwenda kumwambia, mbele ya mama yake. Shemeji akinirushia mwiko sitakwepa, na unajua shabaha yake.

Ila wewe lazima usikie kwanza. Gogo lako lilitosha, Masunga. Kwa pamba, lilitosha.

Ni mimi kaka yako, mtia mchanga.