Vidonge Tulivyogawana na Rukia

Mji wa Kale, Mombasa

Dada yangu Mghoi,

Salamu nyingi, na unisamehe kimya changu. U hali gani, na goti je? Kifua cha shemeji kimetulia? Mimi ni mzima wa kutembea, ila moyo hauna raha.

Dada, nasahau. Juzi dukani, hapa Biashara Street, mteja wangu wa siku zote aliniagiza kanga. Nikapanda ngazi, kufika juu sijui nimefuata nini. Tajiri wangu mwenye duka akacheka, "Wakesho, uzee huo!" Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mama kasimama mlangoni na sufuria tupu.

Basi nikaenda kwa daktari, mama mtu mzima kama sisi. Akasema hedhi ikikoma homoni hupungua, akaniandikia vidonge aina mbili, vyeupe na vya manjano. Sasa jirani yangu Rukia naye joto la mwili halimpi usingizi. Wajua mimi na yeye doti moja ya kanga hugawana, huyu kipande, huyu kipande. Na dawa tukagawana vivyo hivyo: vyeupe mimi, vya manjano yeye.

Haukupita muda nikaona damu tena. Rukia naye kutwa usingizi na huzuni, hata kupika hataki. Niliporudi kumweleza, daktari alishika kichwa. "Lahaula! Hizi zatumika pamoja, ni za mtu mmoja!" Akanieleza kuwa homoni ya vyeupe hukuza ukuta wa kizazi, ya vya manjano huuzuia usizidi. Kwenye ubongo nako hukutana. Ya kwanza yaonekana kuzilinda seli. Ya pili mara huisaidia, mara huipunguza nguvu. Wachunguzi wenyewe bado wanabishana.

Nikamuuliza, "Kwa hivyo nitakuwa kama mama?"

"Sijui. Nikikwambia najua, nitakudanganya."

Kizazi kimepimwa, nangoja majibu. Naogopa, lakini kusahau naogopa zaidi.

Nisalimie shemeji, na mkweo aliyejifungua. Msalimie sana shangazi aliyemuuguza mama, umuulize mama alianza akiwa na umri gani. Na ukiona barua zangu zinarudia mambo, niambie waziwazi. Usinifiche, Dada. Mama tulimficha, tukawa twacheka naye, mpaka siku aliyotuuliza sisi ni watoto wa nani.

Mdogo wako akupendaye,
Wakesho