Pikipiki Yako Siku Hizi ni Fupi

Kaka Paluku,

Nimefika Goma, na pikipiki uliyomwachia rafiki yako Bahati ulipovunjika mguu nimeiona. Anaitunza, siwezi kusema uongo. Kila asubuhi anafungua filta ya hewa na kukung'uta lile vumbi jeusi la volkano, na mnyororo unang'aa kuliko sufuria za Mama.

Lakini ameikata. Zile springi ndefu ulizojivunia, zilizokuwa zinameza mawe yote ya njia ya Masisi, amezifupisha. Matairi ya meno ameyatoa, ameweka ya taksi, maana sasa inabeba abiria. Nilipomuuliza, alinitazama kama mimi ndiye nimekosa.

"Dada, hii moto, hii pikipiki, ilikuwa murefu sana. Wamama wa soko la Birere na mizigo yao walikuwa wanashindwa kupanda. Kaka yako alisema niitunze, ifanye kazi. Haijalala garaji hata siku moja!"

Kisha akanikaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani, nyingi, na pilipili, hata hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilikula nimenuna.

Kabla ya kuondoka niliipanda. Unakumbuka nyumbani tulivyokuwa tunasimama juu ya lile jiwe la mlangoni ndipo tuifikie, wewe ukitucheka? Hapa miguu yangu yote miwili ilikanyaga chini, na magoti yakakunjika.

Mungu auponye huo mguu, kaka yangu. Na umwambie Mama aliondoe lile jiwe.

Kavira