Risaga Bila Pombe

Mpendwa Mama,

Mikono imenivimba na kalamu inanitoka vidoleni, lakini nikisubiri mpaka kesho nitapasuka. Leo nimefanya risaga bila pombe. Ndiyo, mimi Ghati wako, yule aliyekununia wiki nzima kwa jambo hilo hilo. Ungekuwa hai ningepanda bodaboda sasa hivi nije nikusimulie huku umeshika kiuno.

Unakumbuka mwaka ulipobatizwa? Ulitoka majini unatetemeka, na neno lako la kwanza likawa kuuliza kama ndama wamefungwa. Watu wa kanisa walicheka, mimi nikaona aibu, maana nilidhani mtu akiokoka hutoka na maneno mazito. Haikupita miezi, magugu yakafunika shamba letu la wimbi, ukaita risaga ya kupalilia. Hapa Itiryo kila mtu anajua utaratibu: majirani wanakufanyia kazi tangu asubuhi, wewe unawapa pombe. Ukakataa kupika. Ukawaambia kuna uji. Walikuja wanne, na mmoja aliaga saa sita eti ana mgeni. Tulipalilia wenyewe majuma matatu, mimi na wewe, mpaka nikawa nasinzia darasani. Nilikuuliza kwa hasira Mungu wako ana faida gani kama hawezi hata kuleta watu wa kushika jembe. Hukunipiga. Ulisema, "Ghati, leo nimechoka. Jibu la hilo sina." Ukaendelea kupalilia, nami nikaapa moyoni kwamba nikipata mji wangu nitapika pombe mpaka ifurike.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Marwa wangu aliteleza na pikipiki kwenye tope, akavunjika mguu. Amefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali, toka pajani mpaka kifundoni, anashinda mlangoni akitoa amri. Unamjua mkwe wako: kanisani alikanyaga siku ya harusi yetu na siku ya mazishi yako, basi. Mvua nazo hazikutuhurumia, na zile ekari mbili za mahindi, ambazo ndizo chakula chetu cha mwaka mzima, zikaanza kumezwa na magugu. Marwa akasema tuite risaga. Nikazunguka nyumba kwa nyumba, wakaitikia watu zaidi ya ishirini. Siku hizi nami nimeokoka, pombe sipiki, lakini sikuitaja, Mama. Wala sikusema hakuna. Nilijua kabisa kwamba hapa kwetu mtu akisikia risaga anasikia na pombe humo humo, nikanyamaza, nikajiambia kunyamaza si uongo. Wakishapalilia nitawapa uji, watanisamehe, kwani mimi si mwanakwaya?

Jana Jumapili nikashindwa kuimba. Kila nikifungua mdomo nawaona wale watu wameinama shambani kwangu kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Sikumbuki hata mchungaji alihubiri nini. Nilitoka kabla ya matangazo, nikarudi nyumba zile zile na kitenge changu cha kanisani, nikisema mlango kwa mlango: kesho hakuna pombe, kuna uji na makande, na naomba radhi kwa kutosema mapema. Bhoke, jirani yetu wa karibu kabisa, aliniuliza kama nimerogwa. Mzee mmoja nilimwamkia shikamoo akaitikia vizuri tu, ila aliposikia habari ya uji akakumbuka ng'ombe wake ni wagonjwa.

Marwa alipopata habari alikuwa mkali. "Umetumaliza, Ghati," alisema. "Hayo magugu hayaogopi maombi." Nilienda kuloweka mahindi ya makande huku nikiogopa, na hapo ndipo nilipojua kumbe na wewe siku ile uliogopa.

Asubuhi wakaja sita. Sita! Nimekushinda kwa wawili, usinikasirikie. Bhoke ndiye aliyetangulia, akisema amekuja kuiona hiyo dini ya uji. Tulipalilia tukiimba, lakini ilipofika saa nne niliona wazi kwamba hatutamaliza hata nusu. Nikainuka kufuta jasho, nikamwona Marwa. Yuko chini, kwenye mstari wa mwisho, kakalia gunia, mguu wa hogo kaunyoosha mbele, anang'oa magugu kwa mikono, anajiburuza kidogo kwa makalio, anang'oa tena. Mwanaume wa Kikurya, matopeni, mbele ya wake za watu! Nilitaka kukimbia nikamzuie. Bhoke akanidaka mkono.

"Mwache," alisema. "Huyo hajaitwa na mtu."

Wakati wa kula, uji ulipokwisha kumiminwa, nilisimama niombe. Marwa akavua kofia akasema ataomba yeye. Mama, huyu mtu hajui kuomba. Alifumba macho kwa nguvu kama anayechomwa sindano, akasema, "Mungu, mimi ni Marwa. Hawa wamekuja na hakuna pombe. Mke wangu aliwaambia ukweli. Nilimfokea. Asante kwa uji." Akakwama hapo, hajui pa kutokea, mpaka Bhoke akamsaidia kusema amina.

Nusu ya shamba bado imesimama na magugu yake, na kesho tunaingia tena, mimi na yeye na gunia lake. Sijui kama tutayawahi. Ila nina furaha mpaka nashindwa kukaa, nimeandika nusu ya barua hii nimesimama.

Leo ni Jumatatu, Mama, Jumapili bado iko mbali, na Marwa ananiita toka ndani kuuliza shati lake jeupe, lile la kanisani siku ya harusi yetu, liko wapi. Acha nikamtafutie. Lala kwa amani.

Binti yako,
Ghati