Viatu vya Barafu vya Shukrani

Papa Shukrani,

Nimeenda Lilongwe kutafuta buloni za kufungia magurudumu, sababu zile zangu umezipoteza. Sombe iko kwa sufuria. ~~Nsima ujipikie.~~ Shukrani atakupikia nsima.

Asubuhi hii nimekukuta umekaa chini na turnevisi, unafungua buloni za viatu vya Shukrani, unatoa magurudumu niliyofunga mi mwenyewe juzi, unarudisha vile vyuma vya kutelezea barafu. Eti tuvichunge vile dada yako alivituma toka Canada, kesi yetu ya kuhamishwa ikipita mtoto atavivaa kule kwenye theluji! Kesi gani? Tulifungua dosie nikiwa namubeba mgongoni. Leo mtoto iko na miaka kumi na mbili. Hapa kambini Dzaleka barafu iko ndani ya frigo ya Rachidi mwenye duka tu! Mtoto anataka kucheza hoki na benzake kwa simenti ya kanisa, siku ya posho hii, hapa hapa.

Magurudumu nimeyabeba kwa saki yangu. Nikirudi, nikute vile vyuma vimetoka.

Kama unabisha bado, muvalishe kile kiatu cha kushoto, ushike pale mbele. Vidole vyake vimeshafika mwisho.

Mama Shukrani