Mikarafuu Saba ya Bi Chausiku

Mwembesongo, 4 Agosti 2024

Mjomba Mansuri,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia na mkaza mjomba hajambo. Sisi huku wazima, ila vumbi.

Nimenunua kiwanja Mkuyuni, kile cha Mzee Mikidadi karibu na shule. Nitajenga vyumba vinne niwapangishe walimu. Mkataba kaandika wakili, akasaini Mzee Mikidadi, na mkewe na wanawe watatu wakawa mashahidi. Mkataba umesema "kiwanja pamoja na vyote vilivyomo", kwa hiyo hata ile mikarafuu ni yangu. Mawe ya msingi yanapanda huko Jumamosi. Nakutumia nakala kwa mkono wa Deogratias wa bodaboda. Akiba ya miaka tisa, mjomba. Naimba hadi jikoni.

Mpwa wako,
Yasmin

Mkuyuni, 7 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Kifua kinasumbua asubuhi tu, jua likitoka kinaacha. Nakutumia ndizi, usiwagawie majirani.

Nimeusoma mkataba wako nikacheka, halafu sikucheka tena. Umesainisha wasiohusika. Ardhi ile Mikidadi kaachiwa na mama yake, na kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama. Wanawe ni wa ukoo wa mama yao. Kwenye shamba lile ni wageni kama wewe. Mwenye neno ni dada yake, Bi Chausiku, na jina lake halimo. Na mikarafuu yote saba kaipanda yeye. Kwetu aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Baba yako Mnyamwezi alikulea vizuri, lakini hili hakukwambia.

Mikidadi analijua. Kanyamaza kwa kuwa anamwogopa dada yake tangu utotoni.

Zuia hayo mawe.

Mjomba wako

Mwembesongo, 10 Agosti

Mjomba,

Shikamoo, na pole na kifua. Ndizi zimefika, nimempa jirani mmoja tu, unisamehe.

Mawe nimeyazuia. Nimelia, sikufichi. Wakili anasema mkataba hauna kasoro, na yeyote akileta neno twende baraza la ardhi, tutashinda. Nikianza upya na Bi Chausiku akakataa, vyumba vyangu ndiyo basi. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Yasmin

Mkuyuni, 12 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, sijambo. Baraza utashinda. Halafu maji utachota wapi? Kisima kiko uani kwa Chausiku.

Njoo Ijumaa baada ya swala, umchukue Mikidadi na karatasi tupu, mwende kwa Chausiku. Mimi siendi, atadhani umeleta jeshi.

Mjomba wako

Mwembesongo, 18 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Wazima? Mimi leo mzima kabisa.

Tulimkuta Bi Chausiku anachambua karafuu. Alimwacha Mzee Mikidadi amesimama mlangoni mpaka alipomaliza jamvi zima. Kisha akaniambia nisome mkataba. Nilipofika "vyote vilivyomo" akauliza, "Na mimi nimo?"

Nikakata maneno yale. Tukaandika "isipokuwa mikarafuu saba, ambayo ni ya Bi Chausiku na binti zake, nao watapita kuichuma wakati wowote." Akaongeza lake: siku nikitaka kuuza, niwaulize kwanza wao. Wakili kaniambia sharti hilo hata makampuni makubwa huliweka. Bi Chausiku akatia dole gumba, Mzee Mikidadi akasaini chini yake kama mwanafunzi. Nilipoaga, Bi Chausiku akanijazia ndoo ya maji nimwagie msingi.

Mawe yamepanda leo.

Mpwa wako,
Yasmin

Mkuyuni, 21 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Mawe nimeyaona, kifua kimepona siku hiyohiyo.

Sasa njoo na karatasi nyingine. Shamba hili ninalokaa ni la mama yangu, bibi yako. Nikiondoka ni lako na dada yako Shamimu. Kijiji kizima kinajua, lakini la Mikidadi limenionyesha kwamba kujua hakutoshi. Wanangu wana ardhi ya mama yao kule Matombo. Nimewaita, watasaini kama mashahidi, na hawakununa.

Migomba nimeipanda mwenyewe, nawapa kwa hiari yangu. Kwa hiyo safari hii andika "pamoja na vyote vilivyomo". Na mimi nimo, mnitunze.

Mjomba wako