Nimewafukuza tembo wa watalii

Mama Dotto, uko wapi? Nimemwaibisha Samia, sijui nicheke au nilie.

Si unajua leo mjukuu wangu anaongoza watalii kwa mara ya kwanza, akaniombea nafasi garini? Wiki nzima ananifundisha: "Bibi, usivae bluu, mbung'o wanaifuata. Beba maji. Ukiona mnyama, kimya." Nikamjibu mimi mtu mzima, nimesikia.

Basi wakatokea tembo, mama na mtoto. Wageni wameshika kamera, hata kupumua hawapumui. Mimi nikajiona niko kijijini kwetu Marambo, mihogo yangu inakwisha! Nikapiga mlango wa gari kama lile debe langu la kufukuzia tembo: "Tokaaa! Toka shambani kwangu!"

Shambani kwangu, Mama Dotto! Hifadhini!

Tembo wakapotea. Samia akaninong'oneza, "Bibi, umeniulia kazi." Nikajificha ndani ya mtandio.

Mgeni mmoja mzee akauliza nimesema nini. Samia akamweleza. Yule mzee naye akapiga mlango wake: "Toka shambani!" Gari zima likacheka, Samia akacheka mpaka machozi.

Ila kinachoniuma, miaka yote napiga debe kuwafukuza tembo wa Marambo, wananitazama tu huku wanatafuna. Leo watu wametoka Ulaya kuwaona, ndipo tembo wakanitii.